Gitaa Lililokaa na Viatu

Nikisema kwamba gitaa la Fundi lilifanana na kiatu, usidhani natia chumvi. Lilifanana na soli ya akala, zile ndara za tairi, tena ya mguu wa kushoto, ya mtu mkubwa ajabu ambaye sijui angelala kitanda gani. Kisigino kilikuwa juu, pale shingo ya gitaa ilipoungana na ubao. Katikati palibonyea kama wayo unavyobonyea, kisha upande wa vidole ukapanuka na kutulia kwenye nyonga ya Fundi. Lilikuwa na nyuzi nne nene, na mkanda wa kulibebea ulikatwa kutoka tairi la lori. Ulipoliona mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulicheka pia, ila kwa adabu.

Fundi alikuwa jirani yetu mtaani Maringo, Nairobi, ukuta kwa ukuta, miaka ya sabini yote na kipande cha themanini. Siku za kazi alikata akala sokoni Kariokor. Jumamosi alasiri alipiga besi na bendi ya rumba kwenye ukumbi wa mtaa. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na nikiliandika hapa nitaona kana kwamba namzungumzia mtu mwingine. Alikotoka sitakueleza, kwa sababu yeye mwenyewe ukimwuliza alikujibu kwamba ametoka Kariokor sasa hivi na amechoka.

"Katibu," aliniambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya maji, "hii gita yangu inafaa popote. Harusi, inafaa. Matanga, inafaa. Harambee, inafaa. Nionyeshe mahali haifai."

Aliniita Katibu kwa kuwa nilikuwa katibu wa kanisa letu, kazi niliyoifanya kwa ukali kuliko ile ya kiwanda cha biskuti iliyonipa mshahara. Nami nikaja kumwonyesha mahali ambapo gitaa lake halikufaa. Nilimwonyesha kwa kalamu ya wino wa buluu, ndani ya kitabu cha kumbukumbu za kamati, na hadi leo nikikumbuka naona haya.

Maana kanisani ndipo alipopataka kuliko pengine pote, na sababu yake haikuwa majivuno. Mkewe alikuwa akipoteza masikio. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area, katikati ya mashine za kufuma, na kila mwaka usikivu wake ulipungua kidogo. Na mwanamke huyu, aliyekuwa ameishi na Fundi karibu miaka ishirini, akampikia, akamzalia, akampigia pasi shati la bendi kila Ijumaa, hakuwahi hata mara moja kumsikia akipiga gitaa. Alikuwa ameokoka, na ukumbi wa dansi hakuukanyaga. Nyumbani nako hakukuwa na spika, kwa sababu spika ilikuwa mali ya bendi na ilifungiwa ukumbini, na besi bila spika ni mtu anayesema na shati lake. Palibaki mahali pamoja tu ambapo mume na gitaa lake na mke na masikio yake wangeweza kukutana. Fundi alitaka mkewe amsikie kabla masikio hayajafunga kabisa. Alitaka hilo tu, na aliniambia waziwazi, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Lakini kwanza nikueleze gitaa lenyewe lilivyopata sura ile.

Kulikuwa na bendi ya hoteli moja mjini iliyovunjika, na wanamuziki wake wakaondoka kila mtu na njia yake. Fundi akapata kwao gitaa la besi ambalo ubao wake ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Shingo ilikuwa nzima, vyuma vyake vilikuwa vizima. Mtu mwingine angetafuta seremala. Fundi aliutazama ubao wake wa pale kibandani, ule mgumu aliokuwa akikatia soli kwa miaka, umejaa alama za kisu kila upande, akaamua kwamba huo ndio. Halafu akachukua kigezo cha soli, akakichora upya kwa ukubwa, akakata.

"Na kwa nini usikate umbo la gitaa?" mwenzake wa kibanda cha pili alimwuliza.

"Kigezo cha gita sina," akasema Fundi. "Niko na cha soli."

Ndivyo alivyokuwa. Kitu asichokuwa na kigezo chake hakukata. Wateja walimletea vitambaa awakatie mikoba ya aina waliyoiona dukani, akakataa kwa upole mpaka waje na karatasi iliyochorwa. Na kwa nini mguu wa kushoto? Kwa sababu kigezo cha kulia alikuwa amemwazima jirani, na Fundi hakuwa mtu wa kumsumbua jirani kwa jambo dogo kama hilo.

Vijana wa mtaa hawakumwacha apumzike. "Niaje Fundi! Leo mguu moja tu?" walimwita akipita na gitaa begani. Naye bila kusimama aliwajibu, "Mwenye ile ingine bado anaitafuta." Walivunjika mbavu kila Jumamosi kwa maneno yaleyale, na sidhani kuna upande uliotaka yabadilike.

Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakuvaa akala. Aliyewavisha nusu ya Eastlands tairi miguuni alivaa viatu vya ngozi vya dukani, vyeusi, vimeng'arishwa mpaka ukajiona sura. Nilimwuliza kama haziamini kazi zake. Akasema akala zinadumu mno, na yeye anapenda kununua viatu. Pia alikuwa mtu wa kunena kidogo ambaye hakuna aliyeweza kumnyamazisha akianza habari ya besi. Hapo ungesahau ulikokuwa ukienda.

"Ukiisikia besi, nimekosea," alipenda kusema. "Usipoisikia kabisa, nimekosea zaidi."

Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu asiyetaka kulaumiwa. Akacheka, akakubali kwamba kuna ukweli fulani hapo.

Sasa, je, gitaa lile lilifaa popote? Mimi nililifuatilia kwa jicho la mtu anayetaka kumshinda mwenzake, na nitatoa ushahidi wangu bila upendeleo.

Kwenye rumba lilifaa, sina ubishi, ijapokuwa mimi nililisikia nikiwa nje ya ukumbi nikijifanya nanunua nyanya. Kwenye matanga lilifaa. Nilihudhuria moja ya jirani zetu kutoka magharibi mwa nchi, na kaka wa marehemu alipoliona aling'aka, "Hii kiatu mnaleta kwa marehemu ni ya nini?" Fundi alikaa nyuma ya waimbaji akapiga polepole, noti moja, akangoja, noti nyingine, mpaka yule kaka akaja akaketi karibu naye kwenye udongo na kubaki hapo alasiri nzima akitikisa kichwa.

Kulikuwa na harusi moja ya Donholm, ya watu wenye makochi ya velveti na zulia ambalo hukuruhusiwa kulikanyaga. Fundi alitangulia kufika kabla ya bendi. Shangazi ya bibi harusi alimwona mlangoni na kile kitu begani, akadhani ni kibao cha biashara. "Fundi wa viatu apitie nyuma," akaamrisha, na kumbe kweli kulikuwa na msimamizi wa bibi harusi aliyevunjikiwa kisigino cha kiatu jikoni na anakaribia kulia. Fundi alipitia nyuma. Akaketi kwenye kreti ya soda, akagongomelea kile kisigino kwa misumari aliyokuwa nayo mfukoni, akanawa mikono, kisha akapita mbele na kuunganisha gitaa. Shangazi alipomwona jukwaani alijifunika uso kwa kanga. Baadaye ndiye aliyecheza kuliko watu wote.

"Inafaa," Fundi aliniambia Jumatatu yake.

"Wewe ndiye uliyefaa," nikamwambia. "Tena jikoni."

Mahali liliposhindwa ni nyumbani kwa mjomba wangu, na nilifurahi kupita kiasi. Mjomba alipiga kodiani, na siku hiyo tulikuwa tumechinja mbuzi. Kodiani ina besi yake tayari, huipiga kwa mkono wa kushoto. Fundi alipoingia na besi yake, zikawa besi mbili zinazogombania mlango mmoja. Mjomba alivumilia nyimbo mbili. Wa tatu aliukata katikati, akamwinulia Fundi mkono wake wa kushoto na kuuzungusha mbele ya macho yake. "Ndugu yangu," akasema, "huu nao uende wapi?" Tulicheka mpaka nyama ikaungua. Fundi alizima spika, akaweka gitaa ukutani, akasikiliza mpaka mwisho kwa raha kubwa, mguu ukipiga chini.

Njiani kurudi nilimwuliza, "Haya, Fundi. Limefaa?"

"Limefaa," akasema. "Leo limefaa kunyamaza."

Ukitaka kumkasirikia mtu wa namna hii, unaanzia wapi?

Mkewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa na sauti kubwa, hasira za haraka, na kicheko kilichopita ukuta wetu kama hakipo. Kanisani alisimama mstari wa wanawake nyuma yangu, na ndiye aliyekuwa akianzisha pambio. Halafu mwaka mmoja akaacha kuanzisha. Mwaka uliofuata akawa anaingia nyuma yetu, sisi tuko neno la tatu yeye ndio analianza la kwanza. Tulijua, na hakuna aliyesema. Tuliimba kwa nguvu zaidi pembeni yake tu, na nilipogeuka nilimkuta anatazama midomo yetu. Ukithubutu kumwuliza habari ya masikio alikukatiza, "Masikio yangu yana nini? Nyinyi siku hizi mnanong'ona."

Kanisa letu halikuwa na jengo. Tulikodi ukumbi wa shule ya chekechea, wenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na kanuni yetu kubwa ilikuwa kuvua viatu. Hakuna kiatu kilichovuka kizingiti. Viatu vilipangwa verandani, na wageni waliokuja na soksi zilizotoboka walijifunza kuja bila soksi. Tulikuwa na ngoma na kayamba. Gitaa halikuwa limekatazwa. Halikuwa limefikiriwa.

Fundi, ambaye alikuwa akija ibada kwa vipindi, alileta ombi lake mbele ya kamati Jumapili moja baada ya ibada. Alikuja na gitaa lenyewe ili tulione, na nadhani hapo ndipo alipokosea. Mzee wa Kanisa, mwenyekiti wetu, alikuwa mtu mwema ambaye wema wake ulipitia kwenye kanuni. Alilitazama lile gitaa kwa muda mrefu.

"Mimi sina neno na nyuzi," akaanza. "Daudi alipiga kinubi. Lakini hiyo ni nini?"

"Ni gita, Mzee."

"Imekatwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe kazi yako?"

"Viatu, Mzee."

"Ulitumia kigezo cha nini?"

Fundi angeweza kusema lolote. Akasema, "Cha soli."

"Ubao ulitoka wapi?"

"Kibandani kwangu. Ni ile ya kukatia soli."

Mzee akanigeukia. "Katibu, andika. Ni kiatu."

Ilizuka hoja kali. Mweka hazina alisema kiatu ni kile kinachovaliwa. Mzee akamwuliza kama kiatu kipya ambacho bado hakijavaliwa kingeruhusiwa kuvuka kizingiti, na mweka hazina akaketi. Fundi alieleza kwa nini analiomba jambo hili. Alilisema mbele yetu sote bila kujificha, mkewe akiwa nje anazungumza na wenzake kwa sauti iliyotufikia ndani. Tulimhurumia. Kisha tukapiga kura, na mimi, niliyeyajua yote, niliinua mkono kukataa. Sijui kwa nini. Nadhani nilipenda kanuni iwe kanuni, na nilipenda pia kumshinda Fundi mara moja tu katika ule mchezo wetu wa popote na si popote. Zaidi ya hayo, maneno ya uamuzi niliyatunga mimi, nikayaona ya heshima na ya busara: kwamba kifaa hicho kitakaa pale viatu vinapokaa.

Kila mtu alielewa maana yake ni hapana. Fundi aliomba kitabu, akasoma mara mbili kidole kikifuata mstari, akamshika kila mmoja wetu mkono kwa furaha. Tulibaki tunatazamana.

Jumapili iliyofuata tulimkuta verandani. Alikuwa amesimama katikati ya viatu vyetu, mgongo ukutani, gitaa limening'inia, viatu vyake vya dukani vinang'aa. Waya ulipita chini ya mlango hadi ndani, na ndani, chini kabisa kwenye mbao, upande wa wanawake, lilikuwa limelazwa sanduku kubwa la spika ambalo bendi ilimwazima.

Mzee alisimama mbele ya lile sanduku, miguu mitupu, ametoa macho. "Na hii?"

"Hiyo ni spika, Mzee," sauti ya Fundi ikatoka nje. "Si kiatu."

Mzee akanitazama. Nikafungua kitabu. Nilisoma uamuzi wote kwa sauti, pamoja na maneno yangu ya heshima na busara, na kwa kweli spika haikuwemo.

Tukaanza pambio. Ngoma ikaingia, kayamba ikaingia. Kisha Fundi akapiga, na naapa kwamba sikuisikia kwa masikio kwanza. Niliisikia nyayoni. Ilipita ndani ya mbao ikapanda visigino, ikafika magotini, na kina mama wazee wa mstari wa mbele wakainama wote kutazama chini kana kwamba kuna mtu chini ya sakafu. Kote Nairobi hapakuwa na watu wengine waliosimama miguu mitupu juu ya mbao kavu wakingoja besi. Mahali nilipokuwa nimeandika kwamba halifai ndipo lilipofaa kuliko rumba, kuliko matanga, kuliko Donholm. Nilisikia aibu na raha kwa pamoja, na raha ikashinda.

Niligeuka. Mke wa Fundi alikuwa anatazama miguu yake. Akainua uso, akanitazama, na neno la kwanza la ubeti wa pili likamtoka pamoja na sisi sote, palepale, halijachelewa hata kidogo.

Lakini Fundi hakuliona hilo. Alikuwa nje, ameupa ukuta mgongo.

"Ameingia na nyinyi?" aliniuliza kabla sijavaa viatu.

"Aliingia."

"Pamoja?"

"Pamoja kabisa."

Akafurahi, kisha akafikiri. "Alikuwa anatazama mdomo wako?"

Ningeweza kumdanganya, ila nilikuwa nimeshamkosea vya kutosha. "Alikuwa ananitazama," nikasema. "Siwezi kujua."

Akamwendea mkewe, akamwuliza kwa sauti ya juu, na ishara za mikono, ameionaje ile besi. Mama yule akamtazama kwa mshangao. "Besi gani?" akasema, akachukua Biblia yake akaenda zake.

Tulicheka, Fundi naye akacheka, ila mimi nilikuwa karibu naye na niliona kicheko kilivyofika mdomoni kikakwama. Hakumwuliza tena. Mwanamke asiyekiri kwamba hasikii hawezi kukiri alichosikia, na Fundi alikuwa mtu wa kuheshimu mipaka hiyo. Alibaki na ushahidi wangu tu, ushahidi wa mtu aliyempinga, na swali lake lilelile kila Jumapili. Na kila Jumapili nilimjibu kwamba mkewe aliingia pamoja nasi, na kila Jumapili alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa barua isiyo na sahihi.

Alipiga verandani hivyo kwa miaka. Kamati haikubadilisha uamuzi, kwa sababu Mzee alisema uamuzi umefanya kazi vizuri na haujalalamikiwa. Mvua ikinyesha, mtu mmoja alisimama naye akimshikia mwavuli. Na wakati wa mahubiri, kwa kuwa hakuwa na la kufanya na alikuwa amezungukwa na viatu, mikono ilimwasha. Ulitoka ibadani ukakuta ndara yako imeshonwa, kisigino kimenyooka, soli iliyokuwa inapiga makofi imetulia. Waumini waliongezeka miaka ile, na Mzee alimshukuru Mungu kwa uamsho. Mimi nilikuwa nikiviangalia viatu vya waliookoka, na nilikuwa na mawazo yangu. Hata Mzee mwenyewe siku moja alienda nyumbani kwa hatua zisizo na sauti, akatazama chini ya kiatu chake, akakuta kipande safi cha tairi. Alirudi mpaka verandani kumpa Fundi mkono.

Kisha wakahama, nami nikahama, na mtaa ukatawanyika kama mitaa inavyotawanyika.

Niliwatembelea miaka ya themanini ikielekea ukingoni, Komarock, nyumba ndogo mpya yenye harufu ya rangi. Nilibeba mkate na majani ya chai. Mkewe alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akanizungumzia kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya uwanja, na nilipomjibu alinipigia kofi dogo shavuni.

"Usijisumbue, dada," akasema. "Masikio yalistaafu kabla yangu. Hata radi siisikii."

Kwa hiyo hatimaye alikiri. Nilimtazama Fundi. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe, viatu vyeusi vinang'aa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitaka kumwomba radhi, nikaona hapa ndipo.

"Fundi, ile kura nilikataa. Na yale maneno kitabuni niliyaandika mimi."

"Najua. Mwandiko si ulikuwa wako?" akasema. "Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa na nafasi ya kupita."

Sebule yao ilikuwa na sakafu ya mbao, jambo la ajabu katika nyumba ile ya simenti. Alikuwa ameitandaza mwenyewe, mbao za soko la Gikomba, juu ya simenti, na nilidhani ni kwa ajili ya baridi. Mkewe aliketi kigodani karibu na dirisha, ametupa mgongo, anaambua minji kwenye sufuria, miguu mitupu. Fundi alitoa gitaa. Spika sasa ilikuwa yake mwenyewe, imelazwa pembeni.

"Nikupigie ile pambio," akasema.

"Yeye humpigii?"

"Nampigia kila siku." Akatazama mgongo wa mkewe. "Sijui kama inafika. Hasemi. Na mimi siulizi."

Akaanza. Nikaimba kwa sauti ya chini, na tulifurahi sana, mimi na yeye, tukikumbushana kwa macho ile veranda na mwavuli na uso wa Mzee. Tulikuwa ubeti wa pili, tumechangamka, wakati sauti kubwa ilipotoka dirishani.

"Baba! Unakimbia."

Hakuwa amegeuka. Mikono ilikuwa bado kwenye minji, macho nje kwenye ua. Fundi aliduwaa, kidole kimesimama juu ya uzi. Tukatazamana. Nilirudia wimbo kichwani na nikaona ni kweli, alikuwa ameharakisha, kwa furaha ya mgeni alikuwa ameharakisha vibaya sana, na mimi niliyeketi pale na masikio mawili mazima sikuwa nimetambua.

Machozi yalimtoka Fundi waziwazi, akiwa anacheka, na mabega yanatikisika mpaka gitaa likagonga kifungo cha shati lake. Miaka yote ile alikuwa amengoja neno moja, nalo lilipokuja lilikuja kama karipio, na sijawahi kumwona mtu aliyekaripiwa akapendeza vile.

Mkewe aligeuka, ganda la minji mkononi, amekunja uso.

"Mbona umenyamaza?" akamwuliza. "Nimesema upunguze mwendo. Sijasema uache."

Fundi akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaanza upya, polepole.